Makuli na majambazi: Hoboken au Bombay?
Sinema mbili za zamani kuhusu bandari iliyooza: On the Waterfront (1954) na Deewaar (1975). Ya kwanza, ya Elia Kazan, inayohusu bandari ya Hoboken, Marekani, haina nyimbo, ila muziki wa Leonard Bernstein unakutia baridi. Majambazi ndio viongozi wa chama chenyewe cha makuli! Msimamizi anarusha juu vibati vya kazi, ambavyo kuli akikipata kimoja anaajiriwa siku hiyo, na wanaume wazima wanakanyagana kuvigombania. Deewaar ya Yash Chopra, ya Bombay, India, ina nyimbo za R. D. Burman. Amitabh Bachchan, kuli, anakataa kuwapa wahuni fungu lao la kila wiki. Anajifungia nao ghalani, ufunguo anamtupia kiongozi wao. Raha tupu, lakini baadaye hadithi inahamia kwenye magendo. Kuhusu rushwa ya bandarini, naichagua ya Kazan.