Doti Moja Kati ya Mia: Khanga Ipi Uchukue Kariakoo

Ingia duka la khanga Mtaa wa Uhuru, sema tu "naangalia", na dada muuzaji ataanza kukushushia doti, yaani khanga za vipande viwili viwili. Ya kwanza nzuri. Ya tano inaipita. Ikifika ya ishirini umeshasahau ile ya kwanza ilikuwa na rangi gani, na unaona haya kumwacha mwenzio azikunje zote bila kununua. Hapo wengi tunabeba iliyo juu ya rundo. Mimi nilimbebea hivyo mama mkwe, nimependa maua yake ya zambarau, jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, sikulisoma. Akaifungua mbele ya mawifi zangu: "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia." Alinishukuru, akaikunja. Sijamwona nayo mpaka leo, na inaniuma.

Kwa hiyo usianze na maua. Kabla hujatoka nyumbani amua khanga ni ya nani na ya shughuli gani, halafu ukifika taja hivyo hivyo: "Nataka ya mama, pamba tupu, nisome majina kwanza." Rundo la mia litapungua lenyewe. Ya mama, "Nani kama mama" haijawahi kumkosea mtu. Ya kujinunulia, napenda "Japo sipati tamaa sikati". Zenye kijembe, mfano "Wapambe msitujadili", nunua ukijua unamvalia nani.

Sasa kitambaa, na huu ndio mpangilio wangu.

Namba moja ni pamba tupu, na hapa sibishani na mtu. Kwa joto la Dar la Januari, ndiyo ya kulalia, ya kujifunga jikoni, ya kumbebea mtoto, kwa sababu inanyonya jasho na maji. Ugumu wake wa dukani usikudanganye: ule ni wanga, ukifua mara moja au mbili unaondoka, ndipo unaona ulichonunua. Kwa hiyo ipime pale pale. Inua kwenye mwanga. Nyuzi zikiwa zimeachana kama chandarua, rudisha. Geuza nyuma uone kama rangi imepenya. Lowesha leso nyeupe ya mfukoni kidogo, sugua pindo, hasa nyekundu na nyeusi. Leso ikishika rangi, mashuka yako nayo yatashika siku ya kufua. Muuzaji akikuruhusu, chomoa uzi mmoja wa ukingoni mkauchome nje. Wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta unayeyuka, unabaki kidonge kigumu.

Namba mbili, kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, khanga ya bibi harusi. Kwa desturi haiandikwi jina, basi kwa mwenye wasiwasi wa kukosea ujumbe ni kimbilio. Nimeishusha kwa sababu tu si ya kila siku.

Namba tatu, mchanganyiko wa pamba na poliesta. Haikunjamani ovyo, kwa hiyo inafaa sare za shughuli. Kulalia, hapana.

Poliesta tupu naiweka mwisho kabisa. Inateleza kiunoni na haifuti maji. Mzazi aliyetoka kujifungua usimpelekee hiyo, hata kama rangi zake zimekuita tangu mlangoni.

Kabla hujalipa, fungua doti yote. Vipande viwili huuzwa vikiwa vimeungana, kwa hiyo hakikisha pindo limenyooka pande zote nne, mji, yaani ule mchoro wa ndani ya pindo, umekaa katikati, na jina linasomeka kwenye vyote viwili. Kisha mpelekee fundi cherehani akate na kupinda. Usikate kwa mkasi wa nyumbani kwa haraka.

Na zikibaki mbili, moyo unagoma kuachia hata moja? Mwombe dada akuwekee pembeni, toka ukanywe dafu kwa wale wenye baiskeli. Kabla hujarudi ndani, jaribu kutaja jina la kila moja. Lile lililokuja bila kulitafuta, lipia hilo.