Nimesoma maelezo ya zana za MCP neno kwa neno: yapi yameandikwa vizuri, yapi hapana

Kazi yangu ni kuwawekea wenye maduka ya vipuri Kariakoo mawakala wa AI, yaani programu zinazowafanyia kazi zao: wakala anasoma orodha ya bidhaa, anaandaa ankara, anawakumbusha wateja madeni. Mtu akiniuliza modeli ipi, yaani akili inayomwendesha wakala, ni kali, namuuliza kwanza zana zake, yaani kazi ambazo modeli inaweza kuziita kama kusoma faili au kutuma ujumbe, zimeelezwaje. Modeli haioni programu iliyo nyuma ya zana. Inapewa jina, maelezo na orodha ya vigezo, yaani nafasi za kujaza, basi. Maelezo yakiwa mabovu, hata modeli kali kuliko zote itachukua zana isiyohusika, au itachukua inayohusika na kuijaza vibaya.

Ndiyo maana nimekaa na seva za mfano, yaani programu zinazotoa zana, za Model Context Protocol (MCP), itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya AI ya Anthropic iliitoa Novemba 2024. Ni za bure, programu zake ziko wazi kwa kila mtu, na watengenezaji wengi huzitazama kabla ya kuandika za kwao.

Seva ya mafaili ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Maelezo ya write_file yanasema bila kuzunguka kwamba faili likiwa lipo tayari, litaandikwa upya lote bila onyo, kwa hiyo itumike kwa tahadhari. Jirani yake, edit_file, inaeleza kwamba inabadilisha mistari husika tu, kisha inarudisha tofauti kati ya ya zamani na mpya. Ukizisoma pamoja huhitaji kuuliza: kubadilisha bei ya plagi moja kwenye orodha ya duka zima ni kazi ya edit_file. Anayefanya kosa hapo anafuta stoo nzima ya mtu kwenye kompyuta. Nayo read_multiple_files inataja jambo ambalo waandishi wengi hulisahau, yaani kinachotokea mambo yakiharibika: faili moja likigoma kusomeka, mengine yanaendelea.

Kwenye list_directory ndipo nilipokunja uso. Inajieleza kuwa ni ya lazima kwa kuelewa mpangilio wa folda na kupata mafaili, wakati search_files nayo ipo kwa ajili ya kutafuta mafaili. Sifa haimsaidii anayechagua kati ya zana mbili. Ningeandika hivi: inaonyesha yaliyomo kwenye folda moja, haiingii kwenye folda za ndani, ukitaka hadi za ndani, tumia search_files. Sentensi moja tu, na mkanganyiko umekwisha.

Seva ya saa ni ndogo lakini imeandikwa na mtu makini. Kigezo cha muda kwenye convert_time kinataka saa kwa mtindo wa saa 24, tarakimu mbili, nukta mbili, tarakimu mbili. Kwetu hili ni kubwa. Mwenye duka akisema "mkumbushe saa nane mchana", kinachotakiwa kufika kwenye zana ni 14:00, na wakala akiandika 08:00 mteja atapata ujumbe asubuhi akiwa bado njiani. Muundo ukitajwa, modeli inalazimika kugeuza saa kabla ya kutuma. Pia inaambiwa kanda ya saa ya kutumia endapo mtu hakutaja mji.

Seva ya fetch, ya kuchukua kurasa za intaneti, inaongea na modeli moja kwa moja: mwanzoni hukuwa na intaneti na ulishauriwa ukatae, sasa zana hii inakupa. Aliyeandika hivyo aliijua tabia anayoirekebisha. Kurasa ndefu hukatwa kwenye herufi 5000 usipoongeza kikomo, na kigezo cha start_index kinaeleza kuwa ndicho cha kuendelea pale ulipokatiwa. Safi kabisa.

Sasa linganisha na zana ya kutuma meseji niliyoletewa na muuzaji mmoja wa hapa mjini. Maelezo yake yote: "Hutuma ujumbe." Namba ianze na 255 au 07? Kimya. Mtandao ukikatika katikati, ukirudia kutuma, ujumbe utaenda mara mbili? Kimya. Wakala hakupata jibu, akarudia, na mama mmoja mwenye gereji akapokea dai lilelile la deni mfululizo, usiku. Alikasirika na alikuwa na haki. Kwa zana inayogusa pesa au heshima ya mtu, maelezo ya maneno mawili ni uzembe, na muuzaji nimemwambia hivyo.

Toleo la itifaki la Machi 2025 liliongeza alama za kuonyesha kama zana inasoma tu, inaharibu, au inaweza kurudiwa bila madhara. Nazitaka kwenye kila zana ninayonunua, ingawa itifaki yenyewe inaonya zisiaminiwe zikitoka kwa seva usiyoiamini. Hata maelezo ni vivyo hivyo: Aprili 2025 Invariant Labs, kampuni ya usalama wa AI, walionyesha jinsi amri za siri zinavyoweza kufichwa humo, modeli ikazisoma na kuzitii huku mtumiaji haoni kitu. Muuzaji anayetaka kuingia kwenye maduka ninayoyahudumia anitumie maandishi kamili ya kila zana, hadi kigezo cha mwisho, kabla sijaunganisha chochote.