Rimoti ya boti: ya bastola au ya vijiti? Zulia limelowa lakini jibu nimepata

Oya wazee niaje, karibuni tena, mkisikia sauti inatetemeka ni baridi tu, Uyole asubuhi hii hata maji ya beseni yanauma vidole. Mezani tunazo rimoti mbili za boti za kuchezea, FlySky GT3B hii ya bastola, unaishika na kuvuta trigga, na FS-i6 ya vijiti viwili. Ya bastola chaneli 3, yaani amri tatu tofauti, ya vijiti 6, zote mawimbi ya 2.4 gigahezi, hayo mnayajua sitawamalizia bando.

Nataka mwone kitu kimoja. Juzi kati nilishuka Matema, Ziwa Nyasa, na boti yangu ya zamani, ina rimoti ya bei chee siitaji jina, ziwa limetulia, nikaiachia ikakata maji, kufika mbali kidogo mawasiliano yakakatika. Sasa wewe unategemea isimame si ndio? Wapi! Risiva, kile kipokezi ndani ya boti, imeshikilia amri ya mwisho, moto wote yaani mota kasi ya mwisho, boti inaenda zake Malawi haina hata pasipoti. Ikabidi jamaa wa mtumbwi aikimbize, nikampa ya soda, na kucheka akanicheka.

Ndo maana leo ni failisefu tu, yaani mawasiliano ya rimoti yakipotea boti ifanye nini. Sogeza kamera hapa kwenye beseni. Kwenye i6 unaingia System, RX Setup, Failsafe, chaneli ya 3, ndo ya mota. Na hapa ndo tunapopigwa wengi, mimi mwenyewe nikiwemo, unashusha kijiti mpaka chini, unaweka On, unasevu, roho kwatu. Haya nazima rimoti, angalia propela… umeona? UMEONA? Inapiga rivasi, maji yote kwenye zulia, mama watoto akiona hii video nimekwisha. Kijiti kiliwekwa hivyo kwa ajili ya ndege, chini ni kuzima, lakini boti yangu ina rivasi, kuzima ni katikati, chini ni kurudi nyuma kwa nguvu zote! Narudia: kijiti katikati, kishikilie hapohapo usitetemeke, On, halafu ganda na Cancel mpaka isevu. Mota inazunguka… nazima… kimya. Sikiliza hicho kimya, raha tupu.

Ila hicho kijiti sikipendi bado, ukikiachia hakirudi chenyewe, katikati unapatafuta kwa dole gumba huku macho yako ziwani. Bastola hii hapa, navuta, naachia, trigga imerudi, boti imesimama. Basi. Hata mwanangu wa darasa la pili anaendesha. Failisefu nayo inayo, ila unaisetia kwenye risiva. Kwa boti ya mota moja nachukua bastola wala sibishani.

Ubaya inakula betri 8 hizi ndogo, mwenzake 4 tu. Na bei, i6 nilimwagiza mtu Kariakoo, laki na kitu, ongeza na ya kutuma kwa basi, unaanza kujiuliza hii ni hobi au ada ya shule.

Halafu antena ya risiva wazee, ipandishe juu ya usawa wa maji, msiifiche chini kabisa ya boti, 2.4 na maji havielewani. Zile rimoti za zamani za 27 megahezi zenye antena ndefu kama fimbo ya kuchungia ndo zilikuwa zinavumilia maji.

Video ijayo nafunga mtumbwi wa mota mbili, kila mota na upande wake, na hapo nakiri kabisa nitarudi kwa i6, ina miksi, unachanganya usukani na moto inageuka palepale ilipo. Kwa hiyo niliposema sibishani… nabishana kidogo. Sabskraibu uone.

Eeh? Nakuja! Mama watoto anauliza rimoti ya TV betri zake ziko wapi. Ziko humu ndani ya bastola. Ngoja nizime.