Karatasi za pH za Ngamiani: zinamfaa mwalimu kuliko mfuga samaki

Karatasi hizi zinauzwa katika duka moja la vifaa vya shule hapa Ngamiani, Tanga, zikiwa zimefungwa kama kijitabu cha vipande vya kuchana chenye chati ya rangi ya pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, kuanzia 1 (asidi kali) hadi 14 (besi kali). Kwa anayefundisha asidi na besi kwa mara ya kwanza, naziona bora kuliko litimasi. Litimasi humwambia mwanafunzi kwamba kimiminika ni asidi au ni besi, basi; karatasi hizi hukadiria pia kiwango, na humpa mwalimu nafasi ya kueleza kwamba kila hatua ya kipimo alichokianzisha mwanakemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909 ni tofauti ya mara kumi katika ayoni (chembe zenye chaji) za haidrojeni.

Nilizijaribu kwa vitu vya jikoni. Maji ya limau yaliigeuza karatasi kuwa nyekundu papo hapo, na maji ya chokaa yaliyochujwa yakaipa buluu iliyokoza inayoelekea zambarau. Unga mkavu wa magadi haukubadilisha chochote mpaka ulipotiwa maji, jambo ambalo darasani lina thamani kuliko rangi zenyewe, kwa kuwa linaonyesha kwamba bila maji ayoni haziachiliwi zikaifikia karatasi. Juisi ya bungo ndiyo iliyosumbua, maana rangi yake huifunika ya karatasi. Dawa yake ni kudondosha tone moja na kusoma ukingoni, pale maji yanapotangulia nyama ya tunda. Ukiizimua kwa maji mara kumi pia utaona vizuri, ila kipimo kitapanda kidogo, takriban nusu hatua, kwa sababu asidi za matunda ni dhaifu.

Anayepima maji safi ya mvua akaona 6 au chini kidogo asimlaumu muuzaji: maji hayo huyeyusha kabonidayoksaidi ya hewani na kuwa na pH ya karibu 5.6.

Kasoro kubwa iko kati ya 6 na 8, ambako chati hutofautisha kijani na kijani kingine kwa namna inayohitaji mwanga wa mchana na macho makali. Hivyo sikubaliani na muuzaji anayewashauri wateja wazitumie kwenye mabwawa ya samaki, ambako pH mara nyingi huwa karibu na hapo. Huko afadhali kununua kipima pH cha betri, pamoja na vimiminika maalumu vya kukirekebishia. Vilevile duka huvitundika vijitabu mlangoni, kwenye jua na upepo wa bahari, ilhali unyevu na mwanga huziharibu rangi za viashiria, yaani kemikali za karatasi zinazobadilika rangi. Omba kilichomo ndani ya boksi, kisha ukihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.