Unanunua amarilisi? Angalia mizizi kwanza, rangi baadaye

Tangu Krismasi wasomaji wangu wa hapa Uingereza wananiandikia lalamiko lilelile, amarilisi (lile ua la chunguni linaloota kwenye tunguu, yaani bonge kama kitunguu) imetoa majani marefu weee lakini ua hakuna, na ukimuuliza mtu tunguu lilikuwaje siku ya kununua anakutajia rangi. Jamani rangi iko kwenye picha, ligeuze tunguu uangalie kitako! Kiwe kigumu, kisibonyee, na mizizi minene myeupe inaning'inia, manake mizizi ya amarilisi haifi kila mwaka kama ya tulipu, ikikatwa au ikikauka tunguu linaanza upya huku linakula akiba yake lenyewe.

Namba moja kwangu ni matunguu ya Hadeco, kampuni ya Afrika Kusini, sifichi. Kule misimu ni kinyume na huku, matunguu yao yanawahi, ukipanda mapema Novemba una ua la Krismasi. Chukua saizi 34/36, hizo ni sentimita za mzunguko wa tunguu, likifika hapo linaweza kukupa vikonyo viwili vitatu vya maua.

Namba mbili ni matunguu ya Uholanzi yanayouzwa wazi bila boksi, aina ya Apple Blossom kwa mfano, mazuri sana ila mengi huchanua Januari na kuendelea.

Ya boksi yenye chungu na udongo ni bei rahisi, ila huoni unachonunua, unafungua unakuta chipukizi limepauka limejikunja kwa kukosa mwanga.

Sasa haya ya nta ndiyo yananiuma! Tunguu limechovywa nta nyekundu, mizizi imefyekwa, chini limechomekwa waya lisimame, linachanua kwa maji yaliyomo ndani yake halafu linaenda jalalani, na bado wanaliuza ghali kuliko tunguu zima ambalo ukilitunza unakaa nalo miaka. Nilimuuliza muuzaji mmoja, likishachanua nifanyeje? Akanijibu mwakani utanunua lingine.

Ukipata lenye mizizi, chungu kilizidi tunguu kidogo tu, theluthi ibaki juu ya udongo, maji kiduchu mpaka lichipue, baada ya wiki 6 hadi 10 hivi unaona ua. Maua yakinyauka kata kikonyo lakini majani yaache, Juni litoe bustanini, lirudishe ndani kabla ya jalidi. Nyie wa Nairobi na Arusha pandeni ardhini tu. Na mwenye mbwa aliweke juu asikofika, tunguu lina sumu.