Ruta ipi ununue? Anza na WPS, antena baadaye

Malalamiko ninayoletewa kuhusu ruta yanafanana mno. Mtu kabadilisha paswedi, kaweka ndefu ya kutisha, bado bando linakatika na kwenye orodha ya waliounganishwa kuna simu hata asizozijua. Nikimuuliza "WPS umezima?" ananijibu "WPS ndo nini?" Basi leo sigusi spidi wala idadi ya antena, hizo wameziandika kwenye boksi kwa herufi kubwa, soma mwenyewe.

WPS ni njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi. Ile ya kubonyeza kitufe hainisumbui sana. Tatizo ni pini ya tarakimu 8 iliyobandikwa chini ya ruta: tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutoka zile 7 za mwanzo, afu ruta inakagua nusu ya kwanza peke yake na kumwambia anayebahatisha kama kapatia kabla hajagusa nusu ya pili, kwa hiyo mamilioni ya kubahatisha yanashuka hadi 11,000 tu. Mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alilianika hili mwishoni mwa 2011. Mwaka 2014 ikaja mbinu ya Pixie Dust, hiyo kwa ruta zinazotengeneza namba nasibu kizembe mdukuzi anahitaji jaribio moja tu, mahesabu mengine anamalizia kwenye kompyuta yake. Akishaipata pini ruta yenyewe inamkabidhi paswedi yako, na ukiibadilisha kesho anarudi kuomba mpya! Kibaya zaidi, kuna ruta zimekutwa ukizima WPS kwenye menyu inaandika imezimwa huku pini inajibu kama kawaida.

Namba 1 kwangu ni GL.iNet, na upendeleo siufichi. Flint 2 ya kukaa nyumbani, Beryl AX ya kubeba kwenye begi. Fimuwea yao (programu inayoendesha ruta) imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria ya ruta, na OpenWrt haiwashi WPS mpaka wewe mwenyewe uihangaikie. WPA3, ulinzi mpya wa waifai, ipo pia, na hiyo ni muhimu kwa sababu kwenye WPA2, ulinzi uliotangulia, mtu ananasa salamu za simu yako na ruta (mazungumzo yao ya kuunganishwa), anaenda zake, anabahatisha paswedi kwa raha zake bila wewe kujua, wakati WPA3 (ya 2018) inamlazimisha kila akijaribu aulize ruta. Ila ukiiacha kwenye hali ya mchanganyiko WPA2/WPA3, mdukuzi anaweza kuweka waifai feki ya WPA2 yenye jina lako, simu ikaingia mtegoni na salamu zikanaswa vilevile. Kama vifaa vyako vyote vinakubali, weka WPA3 peke yake.

Namba 2, MikroTik hAP ax². WPS yake ni ya kitufe, pini hakuna, na apdeti za RouterOS, programu inayoiendesha, ni bure. Ila menyu zake jamani, utadhani zimeandikwa kwa ajili ya mafundi wenzao tu.

Namba 3, ASUS za Wi-Fi 6. Nzuri, rahisi kutumia, WPA3 ipo, ila kazi ya kwanza ukishaiwasha ni kwenda kuhakikisha WPS imezimwa.

Za bei rahisi: ikiishia WPA2 na apdeti hazieleweki, iache. Ikiishia WEP, ulinzi wa zamani zaidi, hata ya bure usichukue, hiyo tangu 2007 inavunjwa chini ya dakika moja.

Sasa wauzaji. Muulize muuzaji apdeti za hiyo ruta zitatoka mpaka mwaka gani, atakuonyesha antena. Wakati udhaifu wa KRACK wa 2017 ulipogundulika kwenye WPA2, na ule wa Dragonblood wa 2019 kwenye WPA3, dawa ilikuwa apdeti, sasa ruta isiyoletewa apdeti inabaki na tundu lake na bado inauzwa kama mpya, bei ileile. Na hawa wa intaneti wanaokupa ruta yao kwa lazima, menyu ya WPS wameifunga huwezi hata kuiona, ukipiga simu unaambiwa izime halafu iwashe.