Jiko la kuweka uani: lipime kwa mwiko kabla hujalipa

Agosti mwaka jana nilimaliza kujenga jiko la nje nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni, Mombasa. Nilitumia makuti kwa paa, nguzo nne za mvinje, na meza ndefu ya matofali ya matumbawe. Kwa fedha iliyobaki nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa cha moto juu yake, huu ambao wengi tunauita meko. Siku ya tatu nilikuwa nikisonga sima ya watu tisa, na ilipoanza kukaza nikaikandamiza kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria. Sufuria ikateleza, na mtungi ukaifuata. Sima ya moto ilimpata mguuni binti wa dada yangu, aliyekuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Kovu analo hadi leo.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia rangi, wala idadi ya vichwa, wala dakika ambazo maji huchukua kuchemka, kwa kuwa hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Ninalotaka ulipime ni moja tu: je, jiko hilo litatulia utakaposonga sima? Chai na mchuzi hukaa juu ya jiko kwa uzito wake, lakini sima husukumwa kando, tena kwa nguvu za mkono mzima, na jiko lenye kimo kirefu na kitako chembamba haliwezi kuhimili msukumo huo. Meko lina ubaya zaidi ambao sikuujua: kadiri gesi inavyopungua ndivyo mtungi unavyokuwa mwepesi, hivyo jiko lililotulia siku ya kwanza linaweza kupinduka wiki ya tatu. Kwa jiko la nje ambamo watoto hupita na kuku huzunguka, naliweka meko mwisho kabisa katika orodha yangu.

Nafasi ya kwanza nalipa jiko la makaa la Jikokoa, na sifichi kwamba nalipenda. Hutengenezwa na kampuni ya BURN huko Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, na utafiti uliofanywa kwa familia za Nairobi na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliolitumia walipunguza matumizi yao ya fedha za makaa kwa asilimia 39. Hata hivyo, mimi nalisifu kwa sababu langu ni fupi, lina kitako kipana, na sufuria yangu ya sima hukaa juu yake bila kuhama. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na majiko ya sokoni, lakini ningeshauri upunguze matofali ya meza na vigae vya urembo kuliko kupunguza jiko. Aidha, ikiwa nawe unajenga jiko la nje, mwambie fundi aache shimo katika meza lenye kina cha karibu nusu ya kimo cha jiko, ili liketi ndani na lisiweze kusogea hata likisukumwa. Ahakikishe tu kwamba upande wa mbele uko wazi, kwa maana mlango wa hewa ukizibwa makaa hayawaki, na droo ya majivu isipovutika utalazimika kuling'oa jiko kila asubuhi.

La pili ni jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, ambalo mafundi wa Kenya walilianzisha miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Kiuno chembamba na kitako kilichopanuka unavyoviona si pambo. Kitako hicho ndicho kinacholishikilia jiko chini mtu anaposonga. Kabla ya kulinunua, gonga udongo kwa kifundo cha kidole: uliochomwa vizuri hulia, na uliopasuka hutoa mlio mzito uliokufa. Yote mawili ya makaa hukupa moto wa kupalia wali wa nazi, jambo ambalo gesi haiwezi, ila yasiingizwe ndani ya nyumba yakiwa yanawaka.

La tatu ni jiko la gesi la vichwa viwili linalolala juu ya meza, mtungi wake wa kilo 13 ukiwa chini. Hilo limetulia vizuri, lakini uani upepo wa kusi huutawanya moto, kwa hiyo utahitaji ukuta mfupi wa kuukinga. Majiko ya bati tupu ni rahisi, hula makaa mengi, na sina la kuongeza juu yake.

Lililoniuma kuliko hasara ni mwenendo wa wauzaji. Yule aliyeniuzia meko alilijaribu mbele yangu kwa birika la chai, na niliporudi kulalamika alisema kwamba mtungi uliokwisha kufunguliwa haurudishwi. Kodi ya gesi ilipowekwa asilimia 16 Julai 2021, kila duka lilinieleza kwa kirefu kwa nini bei imepanda. Ilipoondolewa Julai 2023, hakuna aliyenitajia.

Niliporudi sokoni safari ya pili nilibeba sufuria yangu na mwiko. Maduka mawili yalinikatalia. Karibu na soko la Kongowea nilimkuta fundi mmoja wa bati, mzee wa makamo, ambaye aliijaza sufuria mchanga uliolowana, akaiweka juu ya jiko la kikombe cha udongo na kuniambia, “Haya mama, songa.” Jiko lilitikisika. Akalirudisha nyuma ya kibanda, akaniletea jingine.